Mafungu Matano ya Mnavu

Mama yangu alikuwa na mimba yangu ya miezi mitano siku alipokula mnanaha, kwa hiyo naweza kusema na mie niliula. Haya ninayoyasimulia nimeyapata kwake, mengine kwa baba, na mengi zaidi kwa yule aliyetuuzia mboga hiyo, Bi Mwanakombo binti Sadallah. Hakunificha neno. Kila nilipomuuliza alinieleza upya tangu mwanzo, kama mtu anayekagua chumba alichoibiwa.

Ulikuwa mwaka 1943. Kinondoni bado ilikuwa mashamba: mihogo, minazi, mikorosho, nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, na duka moja la Gulamabbas, Mhindi aliyezaliwa hapa hapa na aliyesema Kiswahili kama sie. Nyuma ya nyumba ya Bi Mwanakombo ardhi iliteremka hadi bonde la Msimbazi, na bonde hilo ndilo lililomlisha. Alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto, na tangu mumewe afariki aliishi kwa kuchuma mboga za porini na kuziuza nyumba kwa nyumba: mchunga, mlenda, mchicha wa mwitu, na zaidi ya yote mnavu. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti nzito kama ya mwanamume. Watu walimwamini kwa mboga kama wanavyomwamini imamu kwa kibla.

Mnavu una ndugu wa kufanana naye, na ndugu huyo, mnanaha, ni sumu. Mnanaha ukishakomaa hata mtoto anaujua: ua jeupe refu kama tarumbeta, tunda la kijani lililojaa miiba, harufu ya kukera. Lakini ukiwa mchanga, kabla ya ua na kabla ya tunda, majani yake ni laini na ya kijani kama ya mnavu, na mimea yote miwili hupenda udongo wenye samadi. Wanawake wengi walikuwa wakiogopa kuchuma mnavu mchanga kwa sababu hiyo. Bi Mwanakombo hakuogopa. Alilipekecha jani kati ya vidole, akalipeleka puani, akajua. Alikuwa akisema kwamba jani ukilitazama laweza kukudanganya, lakini ukilinusa halikudanganyi. Aliyasema hayo miaka thelathini, na kwa miaka thelathini yalikuwa kweli.

Mwaka ule mvua zilikuwa zimekosekana, na kwa sababu ya vita mchele haukuja. Unga ulipatikana kwa foleni. Watu ambao zamani waliziita mboga za porini chakula cha mbuzi walishuka bondeni na vikapu, na baada ya wiki chache bonde lilikuwa tupu. Bi Mwanakombo alilazimika kwenda mbali zaidi kila siku. Ndipo akakumbuka zizi la zamani, ng'ambo ya mto, ambapo mfanyabiashara mmoja alikuwa akiweka ng'ombe wa kuchinjwa kabla ya kuwahamishia Pugu. Zizi lilikuwa tupu tangu mwaka uliopita. Alipofika Alhamisi asubuhi, baada ya manyunyu ya siku mbili, aliukuta uwanja mzima umejaa kijani, mnavu mchanga unaofika kwenye vifundo vya miguu. Aliniambia kwamba alisimama pale akamshukuru Mungu kwa sauti.

Alikuwa na mafua siku ya tatu. Kichwa kizito, pua zimeziba kabisa. Alipekecha jani moja, akalinusa, hakusikia kitu. Akapekecha jingine. Hakusikia kitu. Na hapo, alisema, ndipo alipokosea, kwani kutosikia harufu mbaya alikuchukulia kuwa ni kutokuwapo kwa harufu mbaya. Akainama akachuma kwa mikono miwili, haraka haraka, kabla wengine hawajalijua lile zizi.

Alitoka na mafungu matano. Mawili aliyachukua mama yangu, Mwajabu, kwa sababu nyumbani kwetu tulikuwa na mgonjwa wa kulishwa mboga laini, bibi yangu mzaa baba, Bi Kidawa. Yeye na Bi Mwanakombo walikuwa masomo, mashoga wa tangu usichana. Walipovunja ungo waliwekwa uwari nyumba moja kule Mbwamaji, na kila Alhamisi ilikuwa lazima wakae barazani pamoja wakumbushane mambo ambayo mama hakuruhusiwa kuyasikia. Siku hiyo Bi Mwanakombo hakukaa kwa sababu ya mafua, asije akamwambukiza mwenzake. Fungu la tatu alilinunua Zohra, mke wa Gulamabbas. La nne lilikwenda kwa mke wa Mwalimu Shomari, mwalimu wa chuo cha Kurani. La tano alilinunua mtu mmoja njiani, mwanamume wa bara mwenye baiskeli, aliyesema amehamia karibuni upande wa Msasani na hajui pa kupata mboga. Alilifunga fungu nyuma ya baiskeli kwa kamba ya mgomba, akashukuru, akaenda zake.

Bi Mwanakombo alikunywa maji ya tangawizi akalala.

Aliamshwa alasiri na kelele za watu wakipita kukimbilia kwetu. Alifunga kanga akatoka. Alipofika uani alikuta watu wamejaa hadi mlangoni, na mbele yao mama yangu amekaa chini, kanga imemwanguka, anaokota vitu mchangani. Hakukuwa na kitu. Aliokota hewa kwa vidole viwili, akaiweka kwenye kiganja, akaokota tena, kwa utulivu, kama mtu anayechambua mchele. Uso wake ulikuwa mwekundu na mkavu. Majirani walipomwita jina hakugeuka. Ndani, Bi Kidawa alikuwa amelala kitandani akizungumza na mumewe aliyekufa mwaka wa mafua makubwa. Alikuwa akimgombeza kwa nini amechelewa.

Fundi wa pepo alikuwa ameshaitwa. Alikwisha kuwasha uvumba, na alikuwa ameagiza wagonjwa wasipewe maji mpaka pepo aliyewaingia aseme jina lake. Mama alikuwa akiramba midomo. Ulimi wake ulikuwa mkavu hata unagonga kama kijiti.

Bi Mwanakombo aliinama mbele ya mama, akamshika kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga. Macho ya mama yalikuwa meusi tupu. Ile mboni ilikuwa imepanuka ikameza rangi yote, na mwanga wa jua haukuifanya isinyae.

Macho hayo aliwahi kuyaona. Alipokuwa msichana kule Mbwamaji, mchunga mbuzi mmoja alitafuna mbegu za mnanaha kwa ubishi, akacheka siku nzima, akaokota hewa, akafa alfajiri. Bi Mwanakombo alisema hakufikiri chochote wakati ule. Mwili ulijua kabla yake.

Aliingia jikoni. Baba yangu, Bakari, alikuwa kazini bandarini, na chakula chake kilikuwa kimewekwa chini ya kawa. Akafunua. Ugali, na pembeni mnavu uliopikwa kwa nazi. Akachukua kijiko akautandaza ule mnavu kwenye sinia, jani moja moja, akayakunjua kwa ncha ya kidole. Majani ya kwanza yalikuwa mazuri. La tano lilikuwa pana kuliko ilivyopasa, ukingo wake umeanza kuchongoka kama msumeno, na chini, pale jani linapokutana na kikonyo, upande mmoja ulikuwa umeshuka kuliko mwingine. La sita vilevile. Akaendelea kutandaza. Katika sahani ile ya baba, karibu nusu ilikuwa mnanaha.

Alikaa chini kwenye sakafu ya jiko. Aliniambia kwamba alivitazama viganja vya mikono yake, na kwamba vilionekana kama vya mtu mwingine.

Kila mara alipofika hapa nilimuuliza kama aliwaza kunyamaza. Hakukataa. Alisema aliwaza, kwa muda wa kumeza mate. Uani watu wote walikuwa wameshakubali kwamba ni pepo. Hakuna ambaye angemtilia shaka. Angeweza kulimwaga lile sinia jalalani, akatoka, akalia pamoja na wengine. Kisha akakumbuka kwamba mafungu yalikuwa matano.

Alitoka na sinia mikononi. Fundi alikuwa akiimba. Bi Mwanakombo alisimama katikati ya ua na ile sauti yake nzito ikasikika hadi barabarani.

"Zima huo uvumba. Si pepo. Ni mboga, na mboga nimeiuza mie."

Mwanamke mmoja jirani alicheka, akidhani ni maneno ya kuchanganyikiwa. Bi Mwanakombo akamwekea sinia miguuni, akamwonyesha jani, kisha jani la pili. Kicheko kikakatika. Bi Mwanakombo alisema kukatika kule kulikuwa kubaya kuliko matusi yote aliyoyapata baadaye.

Aliomba maji, mengi, wapewe kidogo kidogo. Alimtuma mwanamke mmoja kwa Mwalimu Shomari na mwenyewe akakimbia kwa Gulamabbas, kwa kuwa Gulamabbas alikuwa na gari. Bi Mwanakombo alikuwa na miaka zaidi ya hamsini, na mwanamke jirani aliyemwona alisema alikimbia kama msichana, kanga mkononi, kichwa wazi.

Zohra alikuwa jikoni. Sufuria ilikuwa motoni, vitunguu vinaungua, na majani yameoshwa yako kwenye ungo tayari kutiwa. Bi Mwanakombo hakubisha hodi. Aliukamata ungo akaumwaga chini, akaanza kupekua majani kwenye sakafu kwa magoti, huku Zohra amesimama na mwiko mkononi. Alipekua fungu zima. Lilikuwa safi. Isipokuwa jani moja tu la mnanaha, dogo, lililofichika ndani ya jingine.

"Hili moja," alisema akimpa Zohra. "Usilitupe. Mwonyeshe mumeo ajue nimewafanya nini, kisha mwambie alete gari, Mwajabu na mama mkwe wake wanakufa."

Petroli wakati ule iligawiwa kwa kipimo, na Gulamabbas alikuwa ameiweka yake kwa safari ya kufuata mali Kunduchi. Hakuuliza swali. Aliyaondoa madebe ya mafuta ya taa nyuma ya gari, akatandika magunia, na mama na bibi yangu wakapakiwa. Mama alipigana. Ilibidi wanawake wanne wamshike.

Kwa Mwalimu Shomari walikuwa wamefunga saumu ya sunna, kwa hiyo mboga ilikuwa imepikwa lakini haijaliwa. Ilimwagwa shimoni, na Mwalimu mwenyewe alifukia kwa jembe. Hivyo mafungu manne yakajulikana yalipo. La tano lilikuwa limekwenda Msasani nyuma ya baiskeli, na Bi Mwanakombo hakujua hata jina la mtu yule.

Hospitalini walipokewa na dresa mmoja wa Kihaya, msaidizi wa daktari, aliyeitwa Revelian, kijana mtaratibu anayesema Kiswahili cha kitabuni. Bi Mwanakombo alikuwa amekuja na lile sinia, amelifunika kwa ukaya, kitambaa chake cha kichwani. Alimweleza Revelian jina la mmea, saa ulipoliwa, na kiasi alichokisia. Revelian aliandika yote. Alimwambia kwamba wagonjwa wengi wa namna ile hufika kwao wakiwa wamefungwa kamba na watu wasiojua lolote, na kwamba sinia lile limewaokolea saa nyingi. Bi Mwanakombo alisema maneno hayo yalimpita kama upepo. Alitaka kujua jambo moja tu, kama ameletwa mwanamume yeyote kutoka Msasani. Revelian alitazama daftari. Hakuna.

Mama alisafishwa tumbo kwa mpira. Kesho yake mchana alimtambua baba. Alilalamika kwamba haoni vizuri vitu vya karibu, na hali hiyo ilikaa naye karibu wiki. Mimi nilikuwa nikicheza tumboni, na Revelian alimshika mkono mama akauweka pale ili ajihakikishie.

Bi Kidawa hakurudiwa na fahamu. Alikuwa ameshadhoofika kabla ya hapo, moyo wake haukuweza. Alifariki Ijumaa jioni, bado akizungumza na mumewe, na neno la mwisho walilolisikia lilikuwa la kumwambia aingie ndani.

Bi Mwanakombo alikuwa kwenye benchi nje ya wodi. Baba alitoka akampita bila kumtazama. Akarudi. Alikuwa mtu mpole, hakuwahi kumpandishia mtu sauti, na hata siku ile hakupandisha.

"Bi Mwanakombo, mama yangu alikuwa akila kwa mkono wako kwa sababu alikuamini kuliko alivyoniamini mie. Usije kwangu. Hata kumwosha, usije."

Kwa desturi, somo ndiye anayemwosha mwenzake. Bi Mwanakombo alisema angestahimili kupigwa, angestahimili kupelekwa kwa polisi, na kwa kweli polisi walikuja wakamuuliza, wakaandika, wakaona hakukuwa na kusudi. Lakini hilo la kumwosha lilimchoma mahali ambapo hakuwahi kujua pana uhai. Mazishi yalipita yeye akiwa amesimama nyuma ya uzio wa makuti wa jirani.

Siku ya tatu alianza kwenda Msasani. Alikwenda kwa miguu kila siku kwa muda wa wiki mbili, akauliza kila penye nyumba: mtu wa bara, ana baiskeli, amehamia karibuni. Wavuvi hawakumjua. Wapishi na watunza bustani wa Wazungu hawakumjua. Wengine walimfukuza wakidhani ana wazimu. Alirudi hospitalini mara mbili, na Revelian alimfungulia daftari mara zote mbili. Mara ya pili alijaribu kumtuliza, akamwambia kama mtu huyo angeugua angeletwa.

"Mwanangu," Bi Mwanakombo alimjibu, "si kila anayekufa huletwa."

Hakumpata kamwe. Hakujua kama fungu lile lilikuwa kama la Zohra au kama la kwetu. Nilipokuwa mtoto nikitembea naye, baiskeli ikipita alinishika bega tukasimama, akamtazama mpanda baiskeli usoni mpaka atokomee. Nilidhani anaogopa tugongwe.

Baada ya Msasani alichukua jembe akaenda kwenye zizi. Alilimaliza peke yake, mche kwa mche, akang'oa, akarundika, akachoma akisimama upande upepo unakotokea. Siku moja alijifuta jasho kwa mkono wenye utomvu. Mboni ya jicho la kulia ikapanuka, jicho likawa jeusi, akawa haoni nalo mpaka kesho yake. Alitembea Kinondoni nzima na jicho lile, na hakulifunika. Watu walipomwona walifunga milango.

Nilizaliwa miezi minne baada ya Alhamisi ile, mzima, nikaitwa Kidawa. Njaa ilikuwa bado ipo. Mama alikuwa na maziwa kidogo, na watu walikuwa wamekoma kula mboga za porini kabisa kwa hofu. Nyumba ya pili kutoka kwetu mtoto alivimba miguu kwa kukosa chakula, huku mchunga ukiota nyuma ya jiko lao. Jambo hilo lilimkasirisha mama. Asubuhi moja, baba akiwa kazini, alinibeba mgongoni akaenda kwa Bi Mwanakombo. Hawakuwa wameonana tangu siku ile.

Alimsabahi kwa shikamoo. Bi Mwanakombo hakuitikia marahaba. Alirudi nyuma mpaka ukutani, mikono ameificha ndani ya kanga, akasema asimletee mtoto karibu. Mama aliketi kwenye mkeka bila kukaribishwa. Alimwambia hakuja kusamehe wala kulaumu, hayo ni ya baba na ya Mungu. Amekuja kufundishwa.

"Nilikula kwa sababu sikujua nitazame nini," mama alisema. "Nilizipika nusu kwa nusu, nimezichambua kwa mikono yangu, sikuona. Nionyeshe nilichokuwa natakiwa kuona."

Walikwenda siku hiyo hiyo, mie mgongoni. Bi Mwanakombo alimwonyesha lakini hakuchuma. Alimkalisha chini mbele ya mche mmoja wa mnavu mpaka jua likawa kali: kikonyo chembamba, jani lisilopindika ukingo kwa ukali, kiua kidogo cheupe chenye kitovu cha manjano, vitunda vinavyoning'inia pamoja. Kama hakuna ua wala tunda, usichume. Kama shina ni nene na lina rangi ya zambarau, usichume. Na pua, alisema, itumie mwisho, usiitumie mwanzo.

Wiki iliyofuata mama alikwenda na majirani wawili. Baadaye walikuwa wanawake saba, na miongoni mwao Zohra, aliyekuwa akija na kiti chake kidogo kwa sababu ya magoti. Waliweka sharti ambalo Bi Mwanakombo aliling'ang'ania mpaka wakamwona msumbufu: kila jani lipite mikono ya watu watatu, na mmoja akisita, fungu zima linamwagwa. Lilimwagwa mara nyingi. Siku nyingine walirudi na vikapu vitupu na njaa yao. Yeye mwenyewe hakuuza tena mboga hata jani. Alisuka mikeka akaishi kwa kazi hiyo, kwa taabu.

Baba alijua tangu mwanzo tunakwenda wapi, na hakumkataza mama. Yeye hakula mnavu tena mpaka mwisho wa maisha yake, na nyumbani kwetu ukipikwa alitoka nje. Lakini mwaka wa 1948, siku ya khitima ya kumkumbuka bibi, alimtuma mama akamwite Bi Mwanakombo. Alikuja amechelewa, akakaa mlangoni kwa nje, juu ya kiatu chake. Baba alimletea sahani ya pilau kwa mkono wake mwenyewe akaiweka mbele yake. Bi Mwanakombo aliitazama ile sahani muda mrefu, akachukua punje chache, akala. Baba akasubiri mpaka amemeza, kisha akaenda kuwahudumia wageni wengine.